Spea za gari: Kariakoo, Nairobi, Dubai au China? Tulinganishe bei ikishafika Arusha

Turbo ya Toyota Surf yangu ilipokufa nilipiga simu sehemu nne siku hiyo hiyo, Gerezani pale Kariakoo, Nairobi, Dubai na kwa kijana mmoja anayeagiza Guangzhou, kila mtu akanitajia bei na bei ya Gerezani ndo ilikuwa kubwa kuliko zote. Niliumia roho, nikaona jamaa wa Kariakoo wananikamua, nikaagiza nje. Mzigo ulipokuja kufika Arusha na kulipiwa kila kinachotakiwa kulipiwa nilikuwa nimeshaipita ile bei ya Gerezani, na gari ilikaa juu ya mawe wiki tano huku nakodi ya mtu.

Tangu hapo bei ya dukani siiangalii peke yake. Naangalia spea ikiwa imelala kwenye meza ya fundi, kodi zote zimelipwa, risiti ninayo. Ukilinganisha hivyo majibu yanabadilika sana, na yanabadilika kutokana na aina ya spea kuliko nchi unayonunua, hilo ndo watu wengi hawalioni.

Mahesabu hapa chini nimeweka kwa dola ili twende pamoja. Bei za spea na za usafiri ni za mfano tu, weka za kwako, ila mpangilio wa hesabu ni huo huo.

Kodi zinavyopandana

Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinatumia ushuru mmoja wa forodha kwa bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya. Kulikuwa na bendi tatu, asilimia 0, 10 na 25, afu Julai 2022 ikaongezwa ya nne ya 35. Spea yako itaangukia wapi inategemea namba yake ya HS, yaani ile namba ya kimataifa ya kupanga aina za bidhaa. Sehemu nyingi za gari zipo chini ya 8708 lakini usidhani kila kilichofungwa kwenye gari kipo humo: tairi zina namba yake, betri ina yake, filta ina yake, injini nayo yake. Kwa hiyo kabla hujatuma hela mtu wa kwanza kumpigia ni wakala wa forodha, mwambie "nataka kuleta kitu fulani, kipo bendi gani?" Swali la dakika mbili.

Ushuru huo unapigwa kwenye CIF, yaani bei ya kununulia jumlisha bima jumlisha usafiri mpaka unapoingilia nchini. Juu yake zinakuja tozo ndogo ndogo, ya reli na ya kuchakata mzigo forodhani, mimi kwenye mfano nitaziweka zote pamoja 2.5%. Halafu VAT, 18% kwa Tanzania Bara, na VAT haipigwi kwenye bei uliyonunulia, inapigwa kwenye jumla ya yote hayo, ushuru ukiwa ndani. Kodi inakaa juu ya kodi, ndo maana mtu akisikia "ushuru 10" anajipigia hesabu ya 10 afu anakutana na karibu 33.

Kuna jambo moja zuri ambalo wengi hawalijui. Sheria ya forodha ya Jumuiya, ile ya 2004, inasema mzigo ukija kwa ndege ile nauli ya ndege haiongezwi kwenye thamani ya kukadiria ushuru. Ya meli inaongezwa, ya barabara inaongezwa. Mtu anayekukokotolea mzigo wa ndege akiweka nauli ndani ya CIF mwulize kwa adabu kwa nini.

Nairobi kupitia Namanga

Kwa sisi wa Arusha hii ndo inatuvutia kuliko zote, kilomita mia mbili na sabini hivi, unaondoka alfajiri, saa tano upo Kirinyaga Road unashika spea kwa mkono wako, unailinganisha na ile mbovu uliyobeba kwenye begi, unarudi usiku. Dar ni zaidi ya mara mbili ya umbali huo. Na maduka ya Nairobi yana vitu, hasa vya Land Cruiser za utalii, kwa sababu nao wana magari hayo hayo.

Sasa hapa ndo kuna kosa linalorudiwa kila siku. Mtu anasema "Kenya na Tanzania tupo Jumuiya moja, hakuna ushuru". Hakuna ushuru kwa bidhaa iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya. Turbo ya Japani iliyouzwa Nairobi ni turbo ya Japani, haijageuka kuwa ya Kenya kwa sababu imekaa kwenye shelfu ya Kenya. Cheti cha uasili, ile karatasi ya kuonyesha kitu kimetengenezwa wapi, hupati. Hata ule utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo, wa mzigo usiozidi dola 2,000, unafanya kazi kwa bidhaa za Afrika Mashariki tu. Kwa hiyo Namanga unalipa ushuru kama umetoka Osaka, na pembeni bei uliyolipa Nairobi tayari ina ushuru wa Kenya na VAT ya Kenya 16% ndani yake. Umelipa mara mbili.

VAT ya Kenya inaweza kutoka, kwa sababu kitu kinachouzwa kwenda nje kinatozwa sifuri, lakini hapo muuzaji anatakiwa akutengenezee karatasi za kuuza nje na mzigo utoke rasmi mpakani. Maduka makubwa yanafanya. Duka dogo la kaunta halitaki usumbufu huo kwa ajili ya turbo moja, atakwambia lipa bei hii uende.

Angalia tofauti. Turbo inauzwa 400 Nairobi, VAT ndani, nauli 10, ushuru tuseme 10%:

Bei ya kaunta: 410, ushuru 41, tozo 10, VAT 83, wakala 50. Jumla kama 594.

Kwa karatasi za kuuza nje: bei inashuka 345, na nauli inakuwa 355, ushuru 35.5, tozo 9, VAT 72, wakala 50. Jumla kama 521.

Sabini na tatu dola zimepotea kwa karatasi tu. Ndo maana mimi siku hizi nikienda Nairobi swali la kwanza dukani siyo "bei gani", ni "mnaweza kuniuzia kwa eksipoti?"

Kinachofaa kutoka Kenya bila mawazo ni vile vinavyotengenezwa kule kule. Betri, springi za majani, baadhi ya filta. Hizo zikiwa na cheti cha uasili ushuru unakuwa sifuri, unabaki na VAT ya kwetu na vitozo. Hapo Nairobi inaishinda Dubai na China vizuri kabisa, na betri hata hivyo hutaki kuipandisha ndege.

Najua kuna wanaompa dereva wa basi mfuko na elfu ishirini, "nivushie tu". Nakuomba usifanye. Siyo suala la kuonekana mwema, ni kwamba mzigo ambao haukutamkwa ukikamatwa unataifishwa na faini juu, gari lililobeba nalo linaingia matatani, na yule dereva ana watoto. Na hata ukipita salama huna karatasi, ukiwa na kampuni ya utalii hiyo gharama huwezi kuiweka kwenye vitabu.

Dubai kwa ndege

Dubai uzuri wake ni bei ya kuanzia. VAT yao ni 5% tu, ilianza 2018, na ikiuzwa kwenda nje inatoka. Spea mpya zinapatikana Deira, za mtumba nenda Sharjah kwenye yadi, ni eneo kubwa sana na Watanzania wengi wanaoishi kule wanafanya kazi hiyo ya kutafutia watu spea.

Turbo ile ile tuseme 280, kilo 8, ndege dola 7 kwa kilo ni 56. Ushuru 10% unapigwa kwenye 280 (nauli ya ndege haimo, kumbuka) ni 28, tozo 7, VAT 57, wakala 50, basi Dar mpaka Arusha 10. Jumla kama 488.

Sasa weka na Kariakoo: 500 dukani, risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi), basi 10. Jumla 510.

Yaani baada ya kuhangaika kote huko umeokoa dola 22. Na ukiambiwa kitu chako kipo bendi ya 25 badala ya 10, ile hesabu ya Dubai inaruka mpaka 537, Kariakoo inakuwa rahisi. Kwa spea moja mimi nisingeagiza, nasema kabisa. Kinachoua ni ile 50 ya wakala, kwa sababu wakala anafanya kazi ile ile kwa turbo moja au kwa spea kumi. Ukikusanya spea nne kwenye mzigo mmoja kila moja inabeba 12 na ushee tu, hapo ndo Dubai inaanza kulipa. Sisi tupo watu watano gereji moja, tuna karatasi tumeibandika ukutani, kila mtu anaandika anachohitaji ambacho si cha haraka, ikijaa tunaagiza.

Halafu uangalie ujazo, naomba hapa usome taratibu. Kwenye ndege hulipii kilo za mizani peke yake. Wanapima urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, wanagawanya kwa 6,000 (kampuni za kusafirisha vifurushi zinagawanya kwa 5,000), wakipata namba kubwa kuliko kilo za kweli unalipia hiyo. Bampa ya plastiki ina kilo tano, lakini boksi lake likiwa 180 kwa 50 kwa 40 ni kilo 60 kwa mahesabu yao. Kwa dola 7 ni 420, kwa bampa ya dola 60! Kuna wakala mmoja aliniambia bei ya kilo bila kunitajia hili nikakubali, mlango wa nyuma wa gari ukaja na bili ambayo nilishindwa hata kubishana maana sheria yao ilikuwa imeandikwa kwenye fomu niliyosaini. Siku hizi namwambia muuzaji anitumie vipimo vya boksi kabla, siyo vya spea, vya boksi.

Vitu vingine ndege havipandi kirahisi: mifuko ya hewa ya usukani na mikanda yenye fataki inahesabika mizigo hatarishi, betri pia, shokapu za gesi zinaleta maswali. Na gia boksi au pampu ya mtumba ambayo haijakaushwa mafuta itarudishwa. Mwambie anayekununulia aikaushe na kuifunga nailoni.

Spea za mtumba zina kisa chake. Bei ni tamu ila huwa kuna ushuru wa bidhaa unaoongezwa juu ya ule wa forodha, na VAT inakuja kukaa juu ya vyote. Muulize wakala kwa neno hilo hilo, "ni mtumba", usimfiche akapiga hesabu ya mpya.

China kwa meli

Huku unalipia CBM, yaani mita moja ya ujazo, na mawakala wanakusanya mizigo ya watu wengi kwenye kontena moja. Mwezi na nusu mpaka miwili ukijumlisha kukusanya kontena, bahari na kutoa bandarini. Kwa bampa ile ile ni mita 0.36 za ujazo, kwa bei ya mfano ya 400 kwa CBM inakuja 144, siyo 420. Bado ni nyingi kwa bampa moja! Ila kama una gari tatu za aina moja ukaleta bampa, taa na bonati kwa pamoja, inaeleweka.

Mawakala wengi wanakupa bei ya CBM "kila kitu ndani", kodi imo. Ni rahisi na wengi ni waaminifu, lakini uliza kitu kimoja: nyaraka za forodha zitatoka kwa jina la nani? Ukiwa unanunua kwa ajili ya gari lako mwenyewe haikusumbui sana. Ukiwa unauza, utahitaji karatasi. Na mzigo wa biashara una suala la TBS (Shirika la Viwango), cheti cha ubora kinatafutwa kule kule kabla mzigo haujapakiwa, ukisubiri ufike Dar umeshachelewa.

Ubora ni suala la kuchagua muuzaji, siyo nchi. Kuna bodi na taa za China ambazo nimefunga zikakaa miaka. Brek, tairodi na boljointi siagizi kwa picha, hizo nanunua nikiwa nazishika na najua nimrudie nani.

Japani na Afrika Kusini kwa ufupi

Japani ni ya injini na nosikati (kipande kizima cha mbele ya gari kilichokatwa). Kwa spea ndogo nauli inakula faida yote. Kuna wanaotaka spea ziwekwe ndani ya gari wanaloagiza, kampuni nyingi za meli za RoRo (zile gari linaingizwa kwa kuendeshwa) hazikubali vitu ndani ya gari, na zikikubali au ukitumia kontena bado vinatakiwa kutamkwa kwenye nyaraka.

Afrika Kusini watu wanaisahau na haistahili kusahaulika. Tanzania ni mwanachama wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, kwa hiyo kitu kilichotengenezwa Afrika Kusini na kina cheti cha uasili cha SADC kinapata nafuu ya ushuru. Hilux zinatengenezwa Durban, Ranger zinatengenezwa Pretoria, kuna viwanda vya spea vimezunguka pale. Ukiwa na Hilux au Ranger za kule omba bei na uulize moja kwa moja kama kitu kimetengenezwa huko na kama cheti kitatoka. Barabara ni ndefu mpaka Tunduma, ila ndege ipo.

Basi nikichagua mimi

Kitu kidogo, kizito kwa bei na chepesi kwa mizani, kama sensa, nozeli, kompyuta ya gari, turbo: Dubai kwa ndege, ila kiwe na wenzake kwenye mzigo. Kikiwa peke yake na gari imesimama, Kariakoo, lipa hiyo tofauti na ufanye kazi. Gari ya utalii ikisimama siku mbili msimu wa Julai hasara yake inamaliza faida ya kuagiza mwaka mzima.

Kitu kikubwa chepesi, bampa, bonati, dashibodi, vioo vya mbele: tafuta ndani ya nchi kwanza. Gerezani wanaleta kwa kontena, ile nauli wameshaigawa kwa bampa mia, wewe peke yako huwezi kuwafikia. Hapa ndo nilipoacha kuwaona jamaa wa Kariakoo kama wanyonyaji. Nilipopiga hesabu yao yote, pango, kodi, mtaji uliolala miezi, kile wanachobaki nacho kwa spea moja ni cha kawaida kabisa.

Betri na springi: Kenya, kwa cheti.

Injini nzima: Japani kama una muda na umeona video ikiwaka, la sivyo nunua iliyopo Dar uisikie mwenyewe.

Jambo la mwisho ambalo halimo kwenye hesabu yoyote hapo juu ila limenigharimu kuliko ushuru: spea isiyo sahihi. Nilishawahi kuletewa pampu ya Surf ambayo ilifanana kila kitu isipokuwa plagi ya waya, ya kwangu ina pini nyingi zaidi. Muuzaji wa Nairobi akasema rudisha nikubadilishie, alikuwa mtu mzuri kweli, lakini kurudisha ni kutoa mzigo rasmi tena, kuingiza mwingine tena, kodi tena. Pampu hiyo bado ipo stoo. Kwa hiyo kabla hujaagiza popote nje ya mpaka piga picha kibati cha chesesi, piga picha namba iliyopo kwenye spea ya zamani yenyewe (ya Toyota mara nyingi ni herufi na tarakimu kumi, tano kistari tano), piga picha plagi na upande wa kufungia, mtumie muuzaji na umwambie ajibu na picha ya kile alichoshika mkononi, siyo ya kwenye katalogi. Kwenye duka la mtaa wa pili kosa hilo linakula nusu saa ya bodaboda. Likiwa limevuka mpaka ndo umeshalinunua.

Saa hizi karatasi ya ukutani ina nozeli sita, sensa mbili na turbo ya rafiki yangu. Tunasubiri mtu mmoja aamue kuhusu kompyuta ya Noah yake, tukipata hiyo tunatuma hela Ijumaa.